Aliyewapa Machuma Sauti

Kwa miaka mingi nilizijua sinema bila kuziona. Duka langu la kushona liko mtaa wa Wabera, mjini Isiolo, ukuta wake wa nyuma ni mabati, na upande wa pili wa mabati hayo palikuwa na banda la vidio. Kila alasiri, nikiwa nimeinamia cherehani na sketi za shule zimenijaa mapajani, kuna mtu upande ule aliyeingia vitani, akaoa, akafiwa, akalipiza kisasi na kufa. Baadaye mtu huyohuyo alizunguka kona na kuja kuniomba chai.

Banda lilikuwa lake na kazi ya kutafsiri ilikuwa yake. Sinema zilikuja kwa Kiingereza, Kihindi, Kichina, lugha ambazo wengi waliokaa mle ndani hawakuzijua, au walizijua nusunusu. Yeye alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya skrini, akapunguza sauti ya sinema, akashika maiki, na kusema kwa Kiswahili kwa niaba ya kila mtu: askari, bibi harusi, mtoto, hata farasi. Mji mzima ulimwita Mtafsiri. Nami nitamwita hivyo, maana jina lake la kitambulisho nililisikia mara moja tu na naona halikumfaa.

Usiniulize alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Hapa Isiolo swali hilo huulizwa kabla chai haijapoa, na yeye alilikwepa siku zote. Aliongea Kiborana, Kiturkana, Kisomali cha madukani, na Kimeru cha kutosha kunisema nikimpa chai isiyo na sukari. Waborana walisema ni wao. Waturkana walisema ni wao, ila alilelewa mbali. Alimsalimu Mwislamu kwa salaam aleikum na Mkristo kwa habari ya asubuhi, na Ijumaa na Jumapili zote mbili ungemkuta anafagia banda. Kama alisali, alisali asionekane.

Sauti yenyewe haikuwa nzuri. Watu waliomsikia mara ya kwanza walidhani ana mafua. Aliitunza hivyo hivyo kwa kipande cha tangawizi shavuni, na hakutafuna miraa hata siku moja kwa sababu, alisema, inakausha koo na kumfanya mtu aongee hata pale ambapo sinema imenyamaza. Katika mji huu, mwanaume wa umri wake asiyeshika miraa alionekana kama ana ugonjwa wa siri.

Asubuhi ndiyo alifanya kazi ya kweli. Alijifungia peke yake, akaitazama sinema kimya, kisha akairudia akinong'ona, kisha akairudia tena akijaribu sauti. Siku moja nilisikia kilio cha mwanamke upande ule, nikaacha mkasi nikakimbia nikijua amefiwa. Nikamkuta ameketi anakula mandazi. Aliniambia kwamba kuna mama ndani ya sinema amepoteza mtoto, na kilio chake hajakipata, hebu nimwambie mimi ningelia namna gani. Nikamwambia mimi nisingelia. Ningekaa chini, nikaomba maji. Alasiri hiyo yule mama wa sinema alikaa chini akaomba maji, na nyuma ya mabati pakawa kimya hadi nikasikia viatu vya mtu akipita barabarani. Tangu siku hiyo nilijihesabu mfanyakazi mwenzake, ingawa yeye hakuwahi kusema ahsante.

Alikuwa na mambo yake. Watu wakipigana busu kwenye skrini, alitangaza kwamba hawa wanasalimiana kwa sababu hawajaonana siku nyingi, akaanza kuuliza kama mvua imenyesha huko juu. Matusi hakuyatafsiri. Mtu angepayuka kwa Kiingereza kwa dakika nzima, naye angesema tu, "Huyu amekasirika." Alikuwa bahili wa kupindukia na alimtoza kila mtu kiingilio, hata chifu, halafu bibi mzee akija na kikapu chake kupumzisha miguu alimwachia kiti chake mwenyewe. Ndani ya sinema aliruka kutoka ndege moja hadi nyingine. Nje aliogopa mbwa. Mbwa akilala mlangoni kwangu alisimama ng'ambo ya barabara akiniita nimletee kikombe huko, mtu mzima na mvi zake, jamani.

Na hakukubali kurekebishwa. Hilo lilinichosha. Ukimwambia leo umekosea, yule daktari hakusema vile, alikunja uso kama mtu aliyeguswa jino bovu, na chai hakuja kunywa siku mbili tatu. Alisema watu wanakuja kusikia sinema, hawakuja darasani.

Lakini kuna jambo moja alilishika kama dini, na bila hilo huwezi kumwelewa. Vijana wa kila kabila la mji huu walikaa kwenye mbao zilezile mle ndani, bega kwa bega. Ukimpa mhalifu wa sinema lafudhi ya Kisomali, au ukamfanya mwizi aape kwa Kiturkana, watu watacheka leo, na kesho kutwa kuna mtu ataitwa hivyo sokoni. Kwa hiyo wabaya wake wote walizungumza Kiswahili cha ofisini. Jambazi akishika bunduki alianza, "Ndugu wananchi, kwa mujibu wa kikao chetu cha jana, tumeonelea mji huu uteketezwe." Watu walicheka hadi mabati yakatikisika, na vibobini vyangu vya uzi vikaanguka mezani. Wazuri ndio aliowagawa, kama mtu anayegawa nyama ya sherehe akihakikisha hakuna nyumba iliyorukwa. Kila kabila lilipata shujaa wake.

Ndivyo alivyofanya ilipokuja ile sinema ya maroboti. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu na yeye hakulitamka. Aliiita Machuma, na mji wote ukaiita Machuma. Ilikuwa hadithi ya mashine kubwa zilizojengwa kuchimba bandari, zikatelekezwa, halafu siku mji ulipovamiwa zikaamka zenyewe na kuulinda. Zilikuwa chache, na kila moja ilikuwa na umbo lake. Ile ndefu, nyembamba, iliyotembea polepole, aliiita Mrefu na kuipa Kiswahili cha Waturkana wa hapa mjini. Ile fupi yenye mabega mapana, iliyobeba vitu, aliiita Bega, na ikaongea kama Mborana wa Merti aliyekuja mjini kuuza mbuzi. Nyekundu ilikuwa ya Msomali mwenye duka. Na sisi Wameru tulipewa kamashine kadogo kenye haraka, kanakouliza bei ya kila jengo kabla ya kuliokoa. Nilimwambia sikufurahi. Akasema kamashine hako ndiko kalikopendwa kuliko wote, niulize mtu yeyote.

Mrefu na Bega walikuwa marafiki ndani ya sinema ile, na walikuwa marafiki kabla hata ya sinema. Namaanisha Ekal na Galgalo. Ekal ni mwendesha boda, Mturkana, mtu wa maneno machache. Galgalo ni dalali wa mbuzi, Mborana, mtu wa maneno mengi. Walikua pamoja hapa Wabera, na Galgalo alikula kwa mama yake Ekal mara nyingi kiasi kwamba mama huyo alimsema akichelewa. Vidio waliingia pamoja na kukaa pamoja. Machuma ilipotoka, wakaanza kuitana kwa majina hayo. Ekal akipita na pikipiki alipaza sauti, "Bega!" na Galgalo, akiwa katikati ya mapatano ya mbuzi, alimwacha mteja wake na kujibu kwa ile sauti ya Mtafsiri kwamba daraja limebebwa, wapite. Wateja wao wakawaita hivyo. Hata mama yake Ekal aliwaita hivyo. Mtafsiri alijifanya hasikii, lakini mimi nilimwona. Alitembea kwa raha siku hizo.

Juu ya sinema za pili alikuwa na maoni makali. Alisema ya kwanza hutengenezwa na watu wasio na hakika ya chakula cha kesho, na ya pili hutengenezwa na watu walioalikwa karamu. Wanapewa pesa nyingi, wanaambiwa waongeze kila kitu, nao wanaongeza kila kitu isipokuwa sababu. Hata hivyo, iliposikika kwamba Machuma ya pili imetoka, na kwamba hakuna sinema ya maroboti iliyowahi kugharimu hivyo, yeye ndiye aliyeitangaza mji mzima. Aliandika kwa chaki kwenye mlango wa banda. Aliwaambia watu kwamba wale machuma anawajua kama vidole vyake.

Na wakati huo mji haukuwa mzuri. Mifugo ilikuwa imechukuliwa huko chini na watu walikuwa wamezikwa pande mbili, kwa Waborana na kwa Waturkana. Sitasema wapi, wala nani alianza. Kila mtu ana maelezo yake na mimi nimechoka kuyasikiliza yote. Mjomba wake Galgalo alikuwa mmoja wa waliozikwa. Ekal hakuwa na kosa lolote, lakini alitazamwa barabarani, na mwenye boda akianza kutazamwa anakosa abiria. Wawili hao waliendelea kukaa pamoja. Watu waliwaona na kusema, basi, kama hao bado wanakaa pamoja, sisi tunagombania nini. Mtafsiri aliniambia waziwazi kwamba Machuma inakuja wakati unaofaa. Watu wawaone tena Mrefu na Bega wakishikana mikono, wakumbuke.

Sinema ilifika Jumapili mchana, ndani ya flashi, mkononi mwa dereva wa lori aliyetoka Nairobi. Asubuhi yote hakukuwa na stima. Iliporudi, watu walikuwa wameshajaa hadi mlangoni, wengine wamekuja kwa pikapu kutoka mbali. Nilimwambia aitazame kwanza, watu watangoja. Alisema watu hawa wamengoja vya kutosha, na kwamba machuma ni wake. Akaweka flashi na kushika maiki.

Mwanzo ulikuwa mzuri, na nitausema kwa haki kwa sababu yeye mwenyewe aliusema kwa haki hata baadaye. Bega yuko peke yake, mvua inamnyeshea, amepiga magoti ili ndege waliojenga kiota kwenye bega lake wasilowe. Hakuna aliyezungumza ndani ya sinema na Mtafsiri naye hakuzungumza. Aliiongeza sauti ya mvua tu. Nilikuwa nashona kola na nikasimamisha mguu. Mji ulikuwa haujaona mvua miezi mingi, na kuna mtu mle ndani nilimsikia akivuta pumzi.

Baada ya hapo fujo zikaanza. Wale machuma wachache wa kwanza walikuwa wamekuwa jeshi zima, wote rangi ya sufuria iliyochakaa, wakipigana kwa kasi ambayo jicho halifuati. Nilimsikia akihangaika. Sauti ya Mrefu ilitoka pale ambapo kamashine ketu ndiko kalikokuwa, kisha akajirekebisha, kisha nyekundu akafa na dakika mbili baadaye akazungumza. Watu walianza kuuliza kwa sauti, huyu ni wa nani, aliyeanguka ni wa nani. Wafugaji waliokuja kwa pikapu kutoka Biliqo, ambao humjua ngamia wa jirani kwa kumwona mkia tu, walikasirika kabisa. Mtu anawezaje kuwa na mali nyingi hivyo bila alama?

Halafu ikafika pale. Bega amebeba daraja lenye magari na watu, mikono yote miwili iko juu. Mrefu anakuja kutoka nyuma, polepole, kwa ule mwendo wake. Mtafsiri alifurahi, alidhani anakuja kusaidia. Kwa ile sauti ya Kiturkana alisema, "Bega, ndugu yangu, nimefika." Na Mrefu akamchoma mgongoni.

Pale nilisikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kupitia mabati yale. Nilisikia Kiingereza. Mtafsiri alikuwa amenyamaza, na sinema ilikuwa inajisemea yenyewe, vyuma vikilia na wazungu wakipiga kelele. Nilisimama. Nilijua nani amekaa pale ndani na nani, na nilijua ni sauti za nani zilizokuwa zimetumika.

Kisha akarudi. Alisema kwa haraka kwamba huyo si Mrefu. Huyo ameibwa. Mtazameni begani, alama yake imechomwa upya juu ya ile ya zamani, na ndani ya kichwa chake ameketi Mwenyekiti, mkuu wa wale wabaya. Akatoa ile sauti ya ofisini, "Kwa mujibu wa kikao chetu," na baadhi ya watu wakaanza kupumua. Hakuna asiyejua hapa mnyama aliyeibwa na kuchomwa alama nyingine. Ngamia ni yule yule wa kwenu ingawa anatembea katika kundi la adui, na hakuna anayemlaumu ngamia. Mimi mwenyewe nyuma ya mabati niliamini. Nilikaa tena.

Lakini sinema ilikuwa haijamaliza. Inaonekana pale Mrefu anainama juu ya Bega anayekufa na kumwambia maneno machache, taratibu, Kiingereza chepesi cha darasa la tano. Mtafsiri alisema Mrefu analia ndani ya kichwa chake, anaomba msamaha. Na kijana mmoja wa chuo, aliyekuwa nyumbani likizo, akacheka kidogo na kusema kwa sauti ya kusikika, "Mzee, hajasema hivyo. Amesema, sikuwahi kuwa rafiki yako."

Kijana yule hakuwa mbaya. Alijua Kiingereza na alitaka ijulikane, basi. Mtafsiri alimjibu kwamba hapa anayetafsiri ni yeye, lakini sauti yake ilikuwa imepungua. Na yale maneno yalikuwa yameshatoka. Waliokuwemo waliniambia kwamba watu hawakuigeukia skrini. Waliwageukia Ekal na Galgalo.

Hawakupigana. Ningependa kusema walipigana, maana watu wakipigana kuna wa kuwaamua. Galgalo aliinuka tu na kutoka. Alipita mlangoni kwangu bila salamu, mtu ambaye hajawahi kunipita bila kuniuliza kama nimepata mume mwingine. Ekal alibaki ndani hadi mwisho, sijui alikuwa anatazama nini. Kesho yake Galgalo alikuja bandani, na nilimsikia vizuri kwa sababu hakupaza sauti.

"Mzee, machuma walikuwa wengi. Kwa nini ilikuwa yeye, na kwa nini ilikuwa mimi?"

Mtafsiri alimweleza kwamba si yeye aliyeamua, ni watu wa huko walioitengeneza. Galgalo alimwacha amalize. Alisema yeye anaelewa kwamba ni sinema, si mtoto. Ila tangu mjomba azikwe kuna maneno watu wa nyumbani walikuwa wanamwambia kila usiku na yeye alikuwa anayakataa, na jana ameyasikia kwa sauti aliyoizoea. Akaondoka.

Wiki ile Mtafsiri alikaa kwangu zaidi ya alivyokaa bandani. Aliichambua sinema hiyo hadi nikachoka, nami nilishachoka kabla hajaanza. Alisema pesa wametumia, hilo hatuwezi kuwanyima. Mlio wa chuma ni mlio wa chuma kweli, na ile mvua, mtu aliyeipiga picha anajua mvua. Alisema pia Bega wa sinema ya pili ametengenezwa vizuri kuliko wa kwanza, unamwonea huruma hata akisimama tu. Lakini, Mama Kendi, aliniambia, walihitaji watu washtuke, na hawakuwa na kitu cha kuwashtua, basi wakachukua urafiki. Hawakuutafutia sababu. Hakuna mahali popote kabla ya pale Mrefu anamkasirikia Bega. Ameirudia sinema nzima akitafuta, hakuna. Angekuwa na sababu, alisema, ningeweza kuitafsiri.

Aliamua kuionyesha tena, bure. Wale waliomjua walidhani anaumwa. Alijifungia siku kadhaa na nilimsikia akifanya kazi kuliko nilivyowahi kumsikia. Alikwenda kwa Ekal kumwalika, na alikwenda hadi soko la mbuzi kumwalika Galgalo mbele ya watu. Galgalo alisema kama Mungu akipenda.

Siku hiyo nilifunga duka na kuingia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuketi mle ndani alasiri. Watu walikuwa wachache. Wengi walishaitazama upya kwenye simu zao, kwa Kiingereza, na kusikia wenyewe alichosema Mrefu. Ekal alikuja mapema, akakaa mahali pao pa kawaida na kuacha nafasi. Mtafsiri alingoja. Alipangusa maiki, akapangusa skrini, akatoka nje kutazama barabara, akarudi. Mwishowe akaanza.

Sijawahi kusikia tafsiri kama ile na sitasikia tena. Alimpa Mrefu sababu. Alianza mbali, kutoka dakika za kwanza, akaingiza neno moja hapa, jingine pale, jinsi Mwenyekiti alivyomchukua usiku, jinsi alivyomchoma alama, jinsi Mrefu alivyojitahidi kumweleza Bega kila alipomwona na mdomo ukakataa. Jeshi lile lote la sufuria alilipa majina na alama, hadi nikajua nani anaanguka. Nilipoitazama skrini nilielewa kwa nini siku ile alipotea, maana kwa macho tu hakuna cha kushika. Lakini nikimsikiliza yeye niliona kila kitu. Ilipofika pale darajani, Mrefu aliinama juu ya ndugu yake na kusema, "Nisamehe, mkono huu si wangu." Ekal aliweka kiganja usoni. Nafasi pembeni yake ilikuwa tupu.

Banda halikuishi sana baada ya hapo. Watu husema ni simu na bando za bei rahisi zilizoliua, na ni kweli, simu zimeua mabanda kila mahali. Ila Mtafsiri aliacha kugawa sauti. Sinema zilizofuata, wote waliongea Kiswahili kimoja, kikavu, kama taarifa ya habari, na mtu atakuja kulipia hicho kwa nini. Siku moja aliuza spika na viti, akanipa ufunguo nimkabidhi mwenye ploti, akaondoka. Banda sasa ni stoo ya simiti. Nyuma ya mabati yangu hakuna sauti yoyote, na bado sijazoea.

Nilimwona tena mwaka huu. Nilipata kazi ya kushona sare za shule moja ya Merti, na nikazipeleka mwenyewe kwa pikapu, mchanga mdomoni na mgongo umekufa. Nilimkuta anakaa nyuma ya hoteli ya mwanamke mmoja aliyemwita kaka, kaka wa namna gani sikuuliza. Alikuwa amekonda. Koo lilikuwa limemharibikia na aliongea kwa mnong'ono, hivyo ilibidi nivute kiti karibu. Aliniuliza habari za Kendi, binti yangu, aliyemaliza chuo. Aliuliza kama cherehani bado inakata uzi. Aliuliza juu ya mwenye ploti, juu ya bei ya sukari, juu ya watu ambao najua hakuwapenda. Nilimjibu yote, nikingoja.

"Na wale wangu wawili?"

Njia nzima kutoka Isiolo nilikuwa nimelitengeneza jibu. Nilikuwa niseme wanasalimiana. Ni kweli, wanasalimiana. Kwa mtu mgonjwa lingetosha, na yeye mwenyewe angekuwa mahali pangu angesema zaidi ya hapo, angewakalisha meza moja na kuwaagizia chai. Nilimtazama usoni na sikuweza. Sikuona haki ya kumfanyia hivyo mtu wa kazi ile.

"Hawakai pamoja, Mzee. Wakikutana wanasalimiana na kila mtu anashika njia yake. Mama yake Ekal alifariki mwezi wa nne. Galgalo hakuja kumzika."

Yule mwanamke alituletea chai ya maziwa ya ngamia, akatazama nyuso zetu, akaiweka na kuondoka. Mtafsiri alikishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa. Nikaanza kumwambia kwamba halikuwa kosa lake, kwamba vita vilikuwepo kabla, kwamba wale watu wa huko na mabilioni yao ndio walioharibu, wangeacha tu sinema kama ilivyokuwa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasogeza mdomo karibu na sikio langu, kwa sababu sauti haikufika mbali.

"Waliotengeneza ile sinema hawajui hata kama Ekal na Galgalo wako duniani," alisema. "Mimi nilikuwa nawajua."